Ekstrakti ya beri za porini na majani ya harufu: kwa nini keki imegeuka kijani na soseji imebaki vilevile

Dada, asante kwa swali, na asante zaidi kwa kueleza ulichofanya hatua kwa hatua, maana wengi wanaandika tu "nimejaribu haifanyi kazi" halafu basi. Kwa faida ya wengine wanaosoma nalirudia kwa kifupi. Una kiwanda kidogo, unatengeneza juisi, mtindi, keki na soseji, ukataka kuachana na rangi na vihifadhi vya kununua, ukachukua beri za porini pamoja na rozimari na thaimu, ukachemsha vyote kwenye maji sufuria moja, ukachuja, ukakoleza mpaka ikawa nzito kama asali, halafu hiyo ekstrakti, yaani kile ulichokikamua kutoka kwenye mmea, ukaitia kila mahali. Kwenye juisi imetoka nyekundu safi. Kwenye mtindi imepauka. Kwenye keki imegeuka kijani cha kijivu. Kwenye soseji mafuta yamechacha siku zilezile kama zamani, kilichoongezeka ni ukakasi tu ulimini. Unauliza umekosea wapi na uweke kiasi gani.

Kiasi siyo tatizo lako. Tatizo ni kwamba umeichukulia ekstrakti kama kitu kimoja, kama chumvi hivi, unaweka popote inafanya kazi yake ileile. Ekstrakti ni kapu la vitu vingi, na kila kitu kwenye hilo kapu kina kazi yake, kina adui yake, na kina njia yake ya kutoka kwenye mmea. Beri ina rangi zinazoitwa anthosianini, ina tanini (hizo ndizo zinazoleta ukakasi), ina asidi, sukari na pektini. Rozimari ina asidi ya rosmariniki ambayo inatoka kwenye maji, na ina asidi ya karnosiki na karnosoli ambazo maji hayazigusi kabisa, zinataka mafuta au alkoholi. Sasa wewe umechemsha kila kitu kwenye maji, kwa hiyo kile hasa ulichokihitaji kwa soseji kimebaki kwenye machicha na umekitupa. Ndiyo maana mimi siku zote namwambia mtu aanze na chakula chenyewe, ajiulize nataka hiki kitu kinifanyie kazi gani humu ndani, rangi, ladha au kuzuia mafuta yasichache, halafu ndiyo arudi nyuma achague mmea na namna ya kuukamua.

Tuanze na keki kwa sababu hiyo ndiyo imekuumiza zaidi naona. Anthosianini inabadilika rangi kufuatana na pH, yaani kipimo cha uasidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi. Chini ya 3 ni nyekundu kali, ukipanda kwenye 4 mpaka 5 inafifia mpaka karibu kupotea, ukifika 6 na 7 inakuwa zambarau au bluu, na ukipita hapo inaelekea kijani halafu njano na hapo inaharibika moja kwa moja, huirudishi. Juisi yako iko karibu na 3, mtindi uko kati ya 4 na 4.6, na unga wa keki wenye bekingi soda unaweza kupita 7 vizuri tu. Yaani umechukua rangi moja ukaipitisha kwenye ngazi yote kuanzia chini hadi juu, imekuonyesha kila sura iliyonayo. Kama unataka kuona kwa macho chukua glasi tatu, tia maji na matone machache ya ekstrakti yako, ya kwanza ongeza limao, ya pili iache, ya tatu tia bekingi soda kidogo, dakika moja utaelewa kila kitu nilichoandika hapa.

Dawa ya keki ni kupunguza soda. Tumia bekingi pauda ambayo asidi yake imo ndani tayari, au kama mapishi yanadai soda basi hakikisha kuna asidi ya kutosha kuimaliza yote, mtindi, limao, asidi ya sitriki, chochote kinachoendana na ladha yako. Pima pH ya unga kabla ya kuoka na baada ya kuoka pia, ponda kipande cha keki kwenye maji safi upime, kwa sababu soda inaendelea kufanya kazi kwenye joto na namba ya mwisho ndiyo inayoamua rangi. Ukiweza kushusha mpaka 5 na kitu hutapata nyekundu, hilo nakwambia wazi usije ukapoteza miezi, utapata zambarau ya kijivu ya kupendeza kiasi. Nyekundu ya beri kwenye keki mahali pake ni kwenye jemu ya katikati au kwenye sukari ya juu, huko unaiweka na asidi yake na inakaa bila shida.

Kitu kingine watu hawakifikirii ni sufuria. Chuma, shaba na aluminiamu vinashikamana na anthosianini na kuivuta kwenye bluu au kahawia. Mimi mwenyewe nilishawahi kupoteza pipa zima la juisi ya beri nyeusi kwa sababu bomba moja tu lilikuwa na kiungo cha chuma cha kawaida kilichoanza kula kutu, tulitafuta kosa kwenye beri, tukatafuta kwenye joto, tukabadilisha mpaka chupa, kumbe ni kipande cha bomba kisichozidi urefu wa kidole. Tumia steni (chuma kisichoshika kutu) au kioo tu.

Mtindi sasa. Hapo uko kwenye pH mbaya zaidi kwa rangi hii, ile sehemu inayofifia, kwa hiyo njia ni kutumia kiasi kilichokolezwa zaidi au kuweka tunda chini ya kikopo kama tabaka lake lenye asidi yake, bila kuchanganya. Na usitie ekstrakti kabla ya kugandisha mtindi, tia baadaye ukishapoa. Polifenoli (kundi ambalo anthosianini na tanini zote zimo) zikizidi zinawasumbua bakteria wa mtindi, unaganda taratibu au unatoa maji. Halafu protini za maziwa zinazikamata tanini, jambo ambalo lina faida na hasara: ukakasi unapungua mdomoni, lakini ile nguvu ya antioksidanti, yaani ya kuzuia uharibifu wa oksijeni, uliyokuwa unaitaka nayo inafungwa hukohuko. Ndiyo maana usikubali mtu akuuzie poda kwa namba za maabara tu, namba zile zimepimwa kwenye maji au alkoholi safi, siyo ndani ya maziwa.

Juisi imekubali na nakupongeza, ila usilale. Ukiiacha kwenye rafu yenye mwanga utaona kila wiki inasogea kwenye kahawia. Maadui wa anthosianini ni joto, mwanga, oksijeni, na, hii inawashangaza wengi, vitamini C. Watu wanaongeza vitamini C wakidhani wanalinda rangi kwa kuwa ni antioksidanti, kumbe kwenye juisi za anthosianini vitamini C ikiharibiwa na oksijeni inaiburuza rangi nayo, zinaharibika pamoja. Kama huihitaji kwa lishe usiiweke. Jaza chupa mpaka juu hewa isibaki, funika, weka mahali pa baridi na giza. Na hapa ndipo rozimari yako ya maji inapopata kazi, maana asidi ya rosmariniki inajipanga kando ya anthosianini kama ngao, rangi inakolea zaidi na inadumu zaidi. Hicho ni kitu kizuri sana ambacho umekifanya bila kujua, na ninaamini ndiyo sababu moja ya juisi yako kutoka safi vile. Ichemshe rozimari peke yake, uwe unaiongeza kidogokidogo kwenye juisi ukionja, kwa sababu ladha yake inapanda haraka mno, juisi inaanza kunuka kama nyama choma kabla hujapata faida yoyote.

Soseji nimeiacha mpaka sasa kwa sababu ina maneno mengi. Mafuta kuchacha ni mnyororo, molekuli moja ya mafuta ikishikwa na oksijeni inaiharibu ya jirani, na ile inaiharibu inayofuata. Karnosiki na karnosoli zinaukata huo mnyororo, lakini haziwezi kurudisha kilichoharibika tayari. Kwa hiyo zinatakiwa ziingie mapema, wakati wa kusaga, zichanganyike kwenye mafuta yenyewe, na nyama iwe mbichi na baridi. Nimeona watu wanatia ekstrakti nzuri kabisa kwenye mafuta yaliyokaa friza miezi, halafu wanalalamika. Hapo hata ungemwaga kilo haisaidii.

Ekstrakti ya rozimari ya namna hiyo ni bidhaa inayojulikana, Umoja wa Ulaya uliiruhusu kama kiongezeo mwaka 2010 kwa namba E392, na vipimo vyake havihesabiwi kwa uzito wa poda, vinahesabiwa kwa karnosiki na karnosoli zilizomo, tena kwa kilo ya mafuta. Kwa bidhaa za nyama zenye mafuta zaidi ya asilimia 10, ukiacha soseji za kukausha, kikomo chao ni miligramu 150 kwa kilo ya mafuta. Ngoja nikupigie hesabu maana hili ndilo swali lako la kiasi. Tuseme unatengeneza kilo 10 za soseji zenye mafuta asilimia 20, hapo una kilo 2 za mafuta, kikomo ni miligramu 300. Kama poda uliyonunua ina karnosiki na karnosoli asilimia 5, basi miligramu 300 ziko ndani ya gramu 6 za poda. Gramu 6 tu kwenye kilo 10! Unaona sasa, na hicho ni kikomo cha juu, anza na nusu. Kama muuzaji hawezi kukuambia asilimia ya karnosiki iliyomo, usinunue, kwa sababu huna namna ya kupiga hesabu hii na utakuwa unabahatisha.

Tafuta iliyoondolewa harufu, iko nyingi sokoni, mafuta ya harufu yameshatolewa imebaki ile ya kuzuia kuchacha. Viwanda vikubwa wanaitoa kwa alkoholi au kwa kaboni dayoksaidi iliyobanwa, ile hewa ukiifikisha juu ya nyuzi 31 na mgandamizo wa kama baa 74 inakuwa si gesi si maji, inapenya kwenye jani kama gesi na inayeyusha vitu kama kimiminiko, ukilegeza mgandamizo inaondoka yote haiachi kitu. Ni teknolojia safi sana, lakini mashine yake siyo ya kiwanda kidogo, kwa hiyo kwa karnosiki ushauri wangu wa wazi ni ununue.

Naomba usiniruke hapa. Kuchacha kwa mafuta ni kitu kimoja na bakteria ni kitu kingine. Rozimari kwenye soseji inachelewesha harufu mbaya ya mafuta, haikulindi na Clostridium botulinum, bakteria anayetoa sumu ya kuua kwenye chakula. Kama soseji zako zilikuwa na nitraiti (ile chumvi ya kuhifadhi nyama) na ukaiondoa ukaweka beri kwa sababu zimetoa rangi ya waridi inayofanana, umeondoa kinga ukabakisha rangi. Soseji inaonekana salama na siyo salama. Rudisha nitraiti kwa kipimo cha sheria, au zifanye soseji mbichi ambazo mteja atazipika mwenyewe, zikae friji siku chache au friza, na uandike hivyo kwenye lebo.

Najua utaniambia mbona thaimu na oregano zinaua bakteria, umesoma. Ni kweli, thimoli na karvakroli, vitu vilivyomo kwenye mafuta yao ya harufu, zinaua, kwenye kisahani cha maabara chenye supu nyepesi. Kwenye nyama yenye mafuta na protini hizo molekuli zinakimbilia kwenye mafuta, bakteria wako kwenye maji, hazikutani. Ili upate nguvu ileile unatakiwa uongeze mara nyingi sana, na kabla hujafika hapo hakuna mtu atakayeweza kula. Kwa kawaida ulimi unafunga mlango kabla ya bakteria kuanza kusikia maumivu. Kwa hiyo thaimu itumie kwa ladha, na kinga itoke kwenye pH, ubaridi, chumvi, upikaji na usafi.

Nikiwa hapohapo kwenye botulinum, majani mabichi yaliyozamishwa kwenye mafuta na kuachwa mezani ni hatari ya kweli. Jani bichi lina maji, halina asidi, na chini ya mafuta hakuna hewa, ndiyo mazingira anayoyataka. Bakteria huyo hakui pH ikiwa 4.6 au chini yake. Kwa hiyo ama majani yawe makavu kabisa kabla ya kuingia kwenye mafuta, ama yatiwe asidi kwanza mpaka katikati ya jani, ama chupa ikae friji na iishe ndani ya siku chache. Mafuta ya rozimari kavu ni njia yako rahisi ya kupata karnosiki kidogo bila alkoholi, siyo kali kama ya kununua lakini kwa mikate na sosi inatosha.

Sasa namna ya kukamua, maana hilo unaweza kuliboresha kesho asubuhi. Beri zigandishe kwanza friza, barafu inapasua seli na juisi inatoka kwa wingi zaidi. Kabla ya kuponda zipitishe kwenye mvuke dakika mbili tatu hivi, kwa sababu ndani ya tunda kuna vimeng'enya ambavyo ukiponda tu vinaanza kula rangi, ile hali ya tunda lililokatwa kuwa kahawia, joto la haraka linaviua. Watu wanaogopa joto kwa ajili ya rangi, ni sahihi, lakini joto fupi na kali mwanzoni linaokoa rangi zaidi kuliko linavyoharibu, kinachoua rangi ni kule kuchemsha saa nzima kama ulivyofanya wewe ukikoleza. Ukiponda ongeza kimeng'enya cha pektinazi kama unaweza kukipata, iache kwenye nyuzi 45 hadi 50 saa moja au mbili, pektini inavunjika, juisi inaachia. Kamua. Halafu machicha usiyatupe tafadhali! Kwa beri nyingi rangi iko kwenye ganda, juisi uliyoikamua imebeba sehemu tu, machicha yanakubali kulowekwa tena kwenye maji yenye asidi ya sitriki kidogo na utashangaa kinachotoka. Hata yakikaushwa na kusagwa yanakuwa unga mzuri wa nyuzinyuzi kwa biskuti.

Majani yenyewe yakaushe kivulini yasipigwe na jua, saga kiasi, yasiwe vumbi maana vumbi linaziba chujio. Uwiano wa sehemu moja ya majani kwa kumi za kimiminiko ni mahali pazuri pa kuanzia. Kama una kibali cha kutumia ethanoli ya chakula, mchanganyiko wa asilimia 50 mpaka 70 na maji unatoa polifenoli nyingi kuliko maji matupu au alkoholi tupu, na ni bora kuloweka mara mbili au tatu kwa kiasi kidogokidogo kuliko mara moja kwa kiasi kikubwa. Ila ethanoli inawaka, mvuke wake unatambaa chini na ukikuta cheche unalipuka, usije ukaikausha kwenye jiko la moto wazi. Inaondolewa kwenye mashine ya vakyumu (inayonyonya hewa), kwenye nyuzi 40 hadi 50, na rangi inabaki salama. Methanoli isikaribie kiwanda chako kabisa, hata kama mtu kakwambia itaisha kwenye kukausha.

Ukitaka poda, ya beri inanata na kushika unyevu kwa sababu ya sukari na asidi zake, ndiyo maana wanaichanganya na maltodekstrini (unga unaotokana na wanga) kabla ya kuipuliza kwenye hewa ya moto. Kwa hiyo ukinunua "poda ya beri" soma, inaweza kuwa nusu yake ni maltodekstrini, siyo udanganyifu, lakini hesabu yako ya kiasi inabadilika.

Vifaa vya kupimia usihangaike na vingi. pH mita nzuri na maji yake ya kusawazishia, na refraktomita ya kupima brix, yaani kiasi cha sukari, hivyo viwili vitakupeleka mbali. Rangi yenyewe ukitaka namba peleka sampuli maabara uombe anthosianini kwa njia ya tofauti ya pH, wanaipima kwenye pH 1 na pH 4.5 wanatoa tofauti, ni njia ya kuaminika kwa sababu rangi iliyokwisha kuharibika haihesabiwi. Ile namba ya "polifenoli jumla" ichukulie kwa tahadhari, inahesabu hata vitamini C na baadhi ya sukari. Na mtu akikuletea kipeperushi chenye namba za ORAC, kipimo cha maabara cha nguvu ya antioksidanti, kumbuka wizara ya kilimo ya Marekani iliiondoa orodha yake ya ORAC mwaka 2012 kwa sababu namba zilikuwa zinatumika kutangaza afya wakati hazionyeshi kinachotokea ndani ya mwili. Kwenye lebo yako uza rangi na ladha, usiandike inatibu kitu. Sheria za nchi nyingi hazitakuacha, na hata kama zingekuacha mteja anastahili ukweli.

Kuhusu lebo kuna jambo moja linalowachanganya wengi. Juisi ya beri iliyokolezwa ikiwa bado ina ladha na lishe ya tunda mara nyingi inahesabiwa ni chakula chenye rangi, lakini ukishaichuja mpaka ukabaki na rangi peke yake inakuwa kiongezeo, kule Ulaya ni E163, na masharti yanabadilika. Vilevile mmea ambao haukuwa unaliwa kwa wingi Ulaya kabla ya tarehe 15 Mei 1997 wanauita chakula kipya, unahitaji kibali kwanza. Kila nchi ina utaratibu wake, uliza mamlaka ya chakula mahali unapouza kabla hujachapisha lebo. Na neno "bila vihifadhi" liwaze vizuri. Asidi ya sobiki, kihifadhi kinachotumika dunia nzima, ilipatikana mara ya kwanza mwaka 1859 na mkemia Hofmann kutoka kwenye beri za porini za mti wa rowani, na krenberi zimebeba asidi ya benzoiki tangu kwenye kichaka. Ukitia krenberi kwa lengo la kuhifadhi, kemia ni ileile, kwa hiyo usimdharau mwenzako anayetumia ile ya mfuko.

Nimalizie na pori lenyewe, ambako ndiko moyo wangu uko. Cha mwituni siyo salama kwa sababu tu ni cha mwituni. Beri za eldaberi mbichi zina glikosidi zinazotoa sianidi, lazima zipikwe. Za rowani mbichi zina asidi inayochoma tumbo mpaka zipikwe. Majani ya seji yana thujoni, ambayo ikizidi ni sumu, ndiyo maana kuna vikomo vyake. Kuna beri nyeusi za kung'aa za Atropa belladonna ambazo mchumaji wa haraka anaweza kuzitia kwenye ndoo moja na nzuri, na chache tu zinaua. Kwa hiyo kila mzigo uwe na jina la kisayansi la mmea, sehemu ya mmea, mahali na tarehe ya kuchuma, na mtu mmoja anayejua mimea aukague kabla haujaingia kwenye friza. Usichukue za kando ya barabara kubwa wala karibu na mashamba yanayopuliziwa dawa, wala machimbo ya zamani. Baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986 beri za misituni zimeendelea kubeba sesiamu ya mionzi (cesium) kwa miaka na miaka, msitu hausahau haraka. Na kugandisha hakuui virusi, mwaka 2012 nchini Ujerumani stroberi za kugandishwa ziliwaangusha watu zaidi ya elfu kumi kwa norovirusi, virusi vya kutapika na kuhara, wengi wao watoto wa shule. Zile hazikuwa hata za porini. Mikono ya wachumaji, maji ya kuoshea na choo karibu na eneo la kuchumia ni sehemu ya ubora wa ekstrakti yako sawa kabisa na pH.

Tarajia pia kwamba mwaka huu na mwaka ujao havitafanana. Mvua, jua, upande wa mlima, wiki ya kuchuma, vyote vinabadilisha rangi na ukakasi, usikariri kiasi cha gramu ukakitumia milele, pima kila mzigo na urekebishe, au changanya mizigo ya sehemu tofauti ili wastani utulie. Waombe wachumaji waache sehemu ya matunda kwenye kila kichaka kwa ajili ya ndege na mbegu, na majani wakate kwa kisu, wasing'oe mzizi. Walipe vizuri pia, wao ndio wanaojua kichaka kipi kina beri nyeusi kweli na kipi kinadanganya, maarifa hayo hutayapata kwenye kipeperushi chochote.

Kwa kuanza wiki hii gawa kazi mara tatu. Beri peke yake kwa juisi na tabaka la mtindi, rozimari ya maji peke yake kwa kulinda rangi ya juisi, na rozimari ya karnosiki ya kununua kwa soseji. Kila unapojaribu tengeneza na fungu moja lisilo na ekstrakti kabisa, liweke rafu moja na mengine, uonje yote siku ya 1, ya 7, ya 14, na mwonjaji asijue lipi ni lipi. Ukishapima pH ya keki iliyookwa na asilimia ya mafuta ya soseji niandikie namba hizo mbili pamoja na asilimia ya karnosiki iliyoandikwa kwenye cheti cha muuzaji, tutapiga hesabu ya fungu lako kamili.